Namba mbili za mshikano wa PD-1 na PD-L1: uweke ipi kwenye jedwali?

Swali: "Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya biokemia, niko Morogoro. Katika mapitio ya machapisho nimeandaa jedwali la nguvu ya mshikano kati ya PD-1, kipokezi kilichoko kwenye seli T, na PD-L1 ambayo seli nyingi za saratani huivaa juu ya utando wake. Chapisho moja linatoa KD ya maikromola 8. Katalogi ya wauzaji wa protini hizohizo inatoa nanomola chache, yaani nguvu zaidi karibu mara elfu. Msimamizi wangu amesema nichague moja na niitetee. Nichague ipi? Na kama kweli ni maikromola 8, kitu dhaifu namna hiyo kinawezaje kuizuia seli T isiue saratani?"

Marahaba, mdogo wangu. Weka maikromola 8. Ile ya nanomola usiifute, iwekee safu yake pembeni, kwa sababu nayo imepimwa. Ila haikupima kitu ulichouliza. Maikromola 8 ni nguvu ya molekuli moja ya PD-1 inaposhikana na molekuli moja ya PD-L1. Namba za nanomola kwa jozi hii hutokana na protini zilizofungwa mbilimbili au zaidi. Tofauti hiyo imewasumbua watu wa fani yetu kwa miongo kadhaa sasa. Nitakaa nayo kwa muda, maana ukiishika vizuri utaweza kusoma jedwali lolote la protini za kinga bila kudanganyika.

Tuanze na KD yenyewe. Ni ukolezi ambao, ukiufikia, nusu ya vipokezi vimeshikwa na nusu viko huru. Namba ikiwa ndogo, mshikano una nguvu. Hilo unalijua. Ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka ni kwamba KD ni kasi ya kuachana ikigawanywa kwa kasi ya kukutana, na kwa protini zinazokaa juu ya seli za kinga tofauti kubwa huwa kwenye kuachana. PD-1 na PD-L1, kwenye nyuzijoto 37, huachana kwa kasi ya zaidi ya mara moja kwa sekunde. Nusu-uhai wa jozi hiyo ni kama nusu sekunde. Linganisha na kingamwili aina ya IgE iliyoshika kipokezi chake kwenye seli zinazoanzisha mzio: ile hukaa kwa saa nyingi. Zote mbili ni protini za kinga na zote zinafanya kazi zake sawasawa, lakini moja inaishi kwa sekunde na nyingine kwa saa. Kwa hiyo kila unapoona KD, jiulize kwanza: jozi hii inaishi muda gani? Swali hilo litakusaidia kugundua vipimo visivyowezekana, kama nitakavyoonyesha.

Maikromola 8 ilichapishwa mwaka 2013 na kundi la Simon Davis wa Oxford na wenzao. PD-1 yenyewe ilikuwa imegunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo, Kyoto, na PD-L1 ilitambuliwa kuwa ndiyo inayoshika PD-1 mwaka 2000. Dawa za kingamwili dhidi ya PD-1 ziliidhinishwa Marekani mwaka 2014. Ona mpangilio huo: dawa zilikuwa tayari zinajaribiwa kwa wagonjwa kabla watu hawajawa na namba safi ya jozi ambayo dawa hizo huitenganisha. Waliopima mwaka 2013 waliandika wazi kwamba mshikano ni dhaifu kuliko ilivyotarajiwa. Pia walipima PD-L2, ligandi (yaani protini inayoshika kipokezi) ya pili ya PD-1, wakakuta inashika vizuri zaidi mara tatu hadi nne, na sababu kuu ni kwamba inaachia polepole mara tatu.

Sasa, nanomola zinatoka wapi? Protini nyingi za dukani huunganishwa na mkia wa kingamwili, ile sehemu ya Fc. Sababu ni za kiutendaji tu: mkia huo husaidia protini itengenezwe kwa wingi, itoke nje ya seli vizuri, na isafishwe kwa hatua moja kwenye safu ya protini A, inayonasa mikia ya Fc. Lakini mikia ya Fc hujishika miwilimiwili. Ukinunua PD-1 yenye Fc, umenunua PD-1 mbili zilizofungwa pamoja. Ipitishe juu ya uso uliojaa PD-L1: moja ikiachia, ya pili bado imeshika, na ile iliyoachia iko karibu mno na PD-L1 nyingine kiasi kwamba inashika tena kabla mwenzake hajaachia. Ni kama abiria wa daladala aliyeshika bomba kwa mikono miwili. Kila mkono unaweza kuachia na kushika upya njia nzima, naye asianguke. Kifaa hakihesabu mikono, kinaona tu kwamba abiria bado yumo ndani. Ukichukua matokeo hayo ukayasoma kana kwamba ni mshikano wa moja kwa moja, mahesabu yatakupa nanomola, na mchoro utakaa vizuri kwenye mstari usishuku chochote.

Usije ukadhani kwamba mikono miwili ni kosa siku zote. Kwa CTLA-4, kipokezi ndugu wa PD-1, mikono miwili ndiyo hali halisi. CTLA-4 kwenye seli ni jozi ya molekuli mbili zilizounganishwa, kila moja ina uwezo wa kushika, na CD80, ligandi yake, nayo hukaa mbilimbili juu ya seli. Picha za fuwele zilizochapishwa mwaka 2001 zilionyesha CTLA-4 na CD80 zikijipanga kwa mnyororo, hii inashika ile na ile inashika nyingine. Kipimo cha mmoja kwa mmoja kinatoa maikromola 0.2 hadi 0.4 kwa CTLA-4 na CD80, na kama maikromola 4 kwa CD28, kipokezi kinachoichochea seli T, na CD80. Lakini juu ya seli pengo kati ya CTLA-4 na CD28 ni kubwa zaidi ya hapo, kwa kuwa CD28, ingawa nayo ni jozi, haiwezi kushika kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ungeniuliza kuhusu CTLA-4 ningekujibu vingine. PD-1 na PD-L1 kila moja hukaa pekee yake kwenye utando, na ndiyo maana kwa jozi hii namba ya mmoja kwa mmoja ndiyo msingi.

Kuna adui mwingine ambaye hata protini isiyo na Fc haimwepuki: mabonge. Protini ikikaa kwenye friji, ikigandishwa na kuyeyushwa, au ikikolezwa kupita kiasi, sehemu yake hujikusanya na kuwa vibonge vya molekuli kadhaa. Kibonge ni mikono mingi. Asilimia moja au mbili tu inatosha kuharibu kipimo cha jozi dhaifu, kwa sababu molekuli pekee zinakuja na kuondoka ndani ya sekunde wakati vibonge vinanata na kubaki. Wenye kifaa huona mkia mrefu wa kuachana polepole na kufurahi kwamba wamepata mshikano imara. Hili lilijitokeza wazi mapema sana, mwaka 1993, Anton van der Merwe na wenzake wa Oxford walipopima CD2 na CD48 za panya. Walipoondoa mabonge walipata KD ya maikromola 60 hadi 90, na kuachana kwa kasi ya mara kadhaa kwa sekunde. Wakati huo wengi hawakuamini kwamba protini zinazoshikanisha seli na seli zinaweza kuwa dhaifu kiasi hicho. Leo tunajua kwamba udhaifu huo ni wa kawaida kwa vipokezi vya kinga.

Dawa ya mabonge ni moja, nayo haina mbadala: pitisha protini kwenye safu ya jeli inayotenganisha kwa ukubwa, chukua kilele cha molekuli pekee, na upime siku hiyohiyo. Ukisoma chapisho ambalo halisemi lini protini ilichujwa, weka alama ya kuuliza pembeni ya namba yake.

Umenitajia pia, mwishoni mwa barua yako, kwamba maabara yenu ina mashine ya kusomea ELISA na unafikiria kuhakikisha namba mwenyewe. Kwa jozi hii usifanye hivyo. Fikiria hatua za ELISA: unapaka PD-L1 kwenye sahani, unaweka PD-1, unasubiri, kisha unamwaga na kuosha mara tatu au nne kabla ya kuweka kimeng'enya cha kutoa rangi. Jozi yenye nusu-uhai wa nusu sekunde, ukiiosha kwa sekunde 30 tu, imepita nusu-uhai 60. Kilichobaki ni sifuri kwa maana yoyote ya kimaabara. Ukiona rangi, rangi hiyo imeletwa na Fc, na mabonge, au na wingi wa PD-L1 uliopakwa kwenye plastiki. ELISA inafanya kazi nzuri kwa kingamwili za dawa, ambazo hushika kwa nanomola na kuachia polepole, na huko ndiko wengi walikojifunzia. Wakahamia kwenye jozi dhaifu na mazoea yaleyale.

Kipimo kinachofaa ni kile kinachotazama jozi zikiwa zinakutana na kuachana, bila kuosha. Kinachotumika zaidi ni resonansi ya plazimoni ya uso, ambayo maabara zote huita SPR. Mashine za kwanza za biashara zilitoka Uppsala, Uswidi, mwaka 1990. Protini moja unaitega juu ya chipu yenye utando mwembamba wa dhahabu, nyingine unaipitisha juu yake ndani ya bafa inayotiririka, na mwanga unaoakisiwa upande wa chini wa dhahabu hubadilika kadiri uzito unavyoongezeka juu ya uso. Huhitaji kuweka rangi wala alama kwenye protini.

Nikuelezee mchoro safi wa jozi hii unavyoonekana, ili ukiuona kwenye chapisho uutambue. Unatega PD-L1 kwa mkia wake, ule upande ambao kwa kawaida umeingia kwenye utando, kwa kutumia biotini moja, molekuli ndogo ya kunatishia, iliyowekwa hapo hasa. Hivyo uso wa mbele, ambao ndio unaokutana na PD-1, unabaki wazi. Ukiitega ovyo kupitia lisini zake, asidi amino zilizotapakaa juu ya protini, baadhi ya molekuli zitalala kifudifudi na hazitashika kitu. Pembeni unaandaa njia ya pili yenye protini isiyohusika, kwa kiasi kilekile, ili uondoe mabadiliko yanayoletwa na bafa peke yake. Kisha unapitisha PD-1 isiyo na Fc, kuanzia ukolezi wa maikromola 0.8 hadi 80. Kwenye 0.8, asilimia 9 ya PD-L1 itashikwa. Kwenye 8 ni nusu. Kwenye 80 ni asilimia 91, na hapo mchoro unaanza kulala. Kila mara unapofungua mkondo, mstari unapanda wima, unatulia papo hapo, na ukifunga unaporomoka hadi ulipoanzia ndani ya sekunde chache. Umbo lake ni la kisanduku. Mwanafunzi akiliona mara ya kwanza hufikiri mashine imeharibika, kwa sababu vitabu huonyesha milima inayopanda na kushuka polepole. Kisanduku hicho ndicho mshikano dhaifu uliopimwa kwa usafi. Ukiona kisanduku chenye mkia usiotaka kurudi chini, rudi kwenye safu ya jeli.

Kuna majaribio mawili ya kujihakikishia ambayo mimi nayathamini kuliko ubora wa mchoro. La kwanza, punguza PD-L1 iliyotegwa hadi robo yake na upime tena. KD ya kweli haibadiliki. Ikibadilika, kuna mikono zaidi ya mmoja, au PD-1 inaachia na kushikwa tena kabla haijachukuliwa na mkondo. La pili, geuza: tega PD-1, pitisha PD-L1. Namba zikikubaliana, una haki ya kuziandika. Na uangalie joto. Vipimo vingi hufanywa kwenye nyuzijoto 25 kwa sababu mashine hutulia hapo. Mwili uko 37, na kwenye 37 jozi hizi huachana haraka zaidi.

Gharama unaiona: ukolezi wa maikromola 80 wa protini yenye uzito wa kilodaltoni 15 hivi ni kama miligramu 1.2 kwa kila mililita. Kwa maabara zetu hiyo ni protini nyingi. Wauzaji huuza kwa maikrogramu, na hapo ndipo kishawishi cha kutumia Fc kinapoingia, kwa sababu mikono miwili inakupa ishara kubwa kwa protini kidogo.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Kitu kinachoachia kila nusu sekunde kinaizuiaje seli T?

Acha kufikiria mrija wa majaribio, fikiria seli mbili zilizogusana. Pengo kati ya tando zao, pale vipokezi vinapokutana, ni kama nanomita 15. Chukua mfano wa PD-L1 100 kwa kila maikromita ya mraba ya utando; kwa seli ya mviringo yenye kipenyo cha maikromita 10 hiyo ni kama molekuli 30,000 kwa seli nzima. Sasa piga hesabu ya ukolezi ndani ya pengo. Maikromita moja ya mraba mara nanomita 15 ni ujazo wa lita 1.5 × 10⁻¹⁷. Molekuli 100 ni moli 1.66 × 10⁻²². Gawanya: unapata maikromola 11. Yaani PD-L1 zilizobanwa kwenye pengo hilo tayari zimepita KD ya maikromola 8, na ikiwa PD-L1 ni nyingi kuliko PD-1, zaidi ya nusu ya PD-1 zilizopo hapo zimeshikwa wakati wowote ule. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu molekuli kwenye utando hazielei kama zilivyo kwenye maji, lakini inaonyesha kwa nini maikromola, ambazo kwenye damu ni nguvu ndogo, kati ya seli mbili ni nguvu ya kutosha.

Na jozi hazihitaji kudumu. Mmoja akiachia, mwingine anashika jirani yake. PD-1 zilizoshikwa hukusanyika kwenye eneo la mgusano, na mikia yao ya ndani huita kimeng'enya SHP-2, ambacho huondoa fosfeti kwenye vipokezi vinavyoichochea seli T. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba mlengwa mkubwa ni CD28. Kinachoamua ni wastani wa PD-1 ngapi zimeshikwa kwa pamoja, na wastani huo unabaki juu hata kama kila jozi inaishi kwa kufumba na kufumbua.

Udhaifu una faida pia. Seli T hutambaa, hugusa seli nyingine, huzipekua, kisha huondoka. Ingekuwa vipokezi vyake vinashika kwa saa kama IgE, seli T ingenata kwenye seli ya kwanza iliyoigusa. Kipokezi cha seli T chenyewe, kile kinachotambua kipande cha virusi juu ya seli iliyoambukizwa, hushika kwa maikromola 1 hadi 100 hivi na kuachia ndani ya sekunde. Watu walijaribu kukiboresha ili kishike kwa nguvu zaidi, na hapa lipo tukio ambalo kila mwanafunzi wa fani hii anapaswa kulijua. Kipokezi kilichoongezewa nguvu dhidi ya MAGE-A3, protini ya saratani, kiliwekwa kwenye seli T za wagonjwa. Wagonjwa wawili wa kwanza walifariki ndani ya siku chache kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kipokezi kile kilitambua pia kipande cha titini, protini kubwa ya misuli ya moyo. Kipande kilicholengwa kilikuwa EVDPIGHLY, cha titini ni ESDPIVAQY. Vipange juu na chini uone: herufi tano kati ya tisa zinalingana. Moyo haukuwa na MAGE-A3 hata kidogo. Nguvu iliyoongezwa ilikigeuza kipokezi hicho kuwa cha hatari, na waliokufa walikuwa wamekuja kutafuta uponyaji.

Nimesema mikono mingi hupotosha kipimo. Lakini ukitaka kugundua nani anashikana na nani, bila kutaka namba bado, mikono mingi ni msaada mkubwa, mradi uiweke kwa makusudi na useme umeiweka. Katika Taasisi ya Wellcome Sanger, Uingereza, kundi la Gavin Wright lilitengeneza njia ambayo kila protini hufungwa tanotano kwa kipande cha protini ya gegedu la panya, ili hata mshikano wa chini ya sekunde uonekane baada ya kuosha. Kwa njia hiyo walipata mwaka 2011 kwamba RH5, protini ya kimelea cha malaria, hushika basijini, protini iliyoko kwenye chembe nyekundu za damu, mlango ambao Plasmodium falciparum hauwezi kuukwepa. Chanjo iliyojengwa juu ya RH5 baadaye ilijaribiwa Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi hiyohiyo ya Sanger walitumia njia ya jamii hiyo, safari hii nnenne, kujaribu zaidi ya protini 600 za juu ya seli za kinga za binadamu, moja kwa nyingine, wakachora ramani ya nani hushika nani. Angalia utaratibu: kwanza mikono mingi ili kuona, halafu mkono mmoja kwenye SPR ili kupima. Wakikuta jozi mpya hawaiamini mpaka imepita hatua ya pili.

Pia yako mambo ambayo protini zilizotolewa kwenye seli haziwezi kukuonyesha. PD-L1 hushika CD80 pia, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba hizi hukutana kutoka seli moja hadi nyingine, kama PD-1 na PD-L1. Kazi zilizofuata zilionyesha kwamba hushikana zikiwa ubavu kwa ubavu kwenye utando wa seli ileile, na CD80 ikifanya hivyo huinyima PD-1 nafasi ya kuishika PD-L1. SPR ingekupa KD nzuri ya jozi hiyo, isikwambie kamwe kwamba zinalala ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo kwenye tasnifu usitumie KD peke yake kutabiri seli itafanya nini.

Kama unatafuta mahali pa kupeleka elimu hii baada ya jedwali, kuna jambo la hapa kwetu Afrika Mashariki ambalo linanivutia kuliko yote niliyotaja. LAIR1 ni kipokezi cha kinga chenye kazi ya kutuliza seli, na kwa kawaida hushika kolajeni. Mwaka 2016 ilichapishwa kwamba katika damu ya watu wa Kilifi, Kenya, wanaoishi na malaria, kulikuwa na kingamwili zilizobeba kipande kizima cha LAIR1, kama asidi amino 100, kilichotoka kromosomu ya 19 na kupachikwa ndani ya jeni ya kingamwili. Kipande hicho kilikuwa kimebadilika: kimepoteza uwezo wa kushika kolajeni, na kinashika RIFIN, protini ambazo kimelea huzitandaza juu ya chembe nyekundu alizoziambukiza. Mwaka uliofuata watafiti wa Japani walionyesha kwamba baadhi ya RIFIN hushika LILRB1, kipokezi kingine cha kutuliza seli za kinga. Yaani kimelea hutumia njia ileile ambayo seli ya saratani hutumia kwa PD-L1: hugusa kipokezi cha kutuliza ili seli ya kinga impite. Na mwili wa mtu wa Kilifi ulichukua kipokezi cha jamii hiyo, ukakigeuza kuwa silaha.

Maswali ya kipimo hapo ni yaleyale uliyoniuliza. Kingamwili ya LAIR1 ina mikono miwili, na chembe nyekundu iliyoambukizwa ina RIFIN nyingi. Kiasi gani cha nguvu kinatoka kwenye LAIR1 moja iliyobadilika, na kiasi gani kinatoka kwenye mikono miwili? Ili kujua unahitaji kipande chenye mkono mmoja, Fab. Hicho hupatikana kwa kukata kingamwili kwa papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai bichi, njia ambayo Rodney Porter aliitumia mwaka 1959 na ikamfikisha kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 1972. Papaini, safu ya protini A ya kunasa mikia ya Fc na kuziacha Fab zipite, safu ya jeli ya kuondoa mabonge: hatua zote hizo zinawezekana Morogoro. SPR yenyewe utaiomba kwa maabara mshirika, na utakwenda na protini safi mkononi.

Kwa jedwali lako, ongeza safu nne pembeni ya KD: protini ilikuwa na mikono mingapi, ilichujwa kwa jeli kabla ya kupimwa au la, joto la kipimo, na ipi ilitegwa ipi ikapitishwa. Jaza kwa kila chapisho, na pale mwandishi aliponyamaza andika "haikutajwa". Kwa PD-1 na PD-L1, msimamizi akikuuliza kwa nini umechagua maikromola 8, mwonyeshe safu hizo, kisha mfanyie ile hesabu ya pengo la nanomita 15 ubaoni.